Naomba ushauri: ajali ndogondogo zimezidi karakanani, nianzie wapi?

Msimamizi wa Karakana
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia karakana ya vyuma yenye ghala pembeni, na siku hizi haupiti muda mrefu bila mtu kuteleza, kukatwa kidole na bati au kulalamikia kiuno baada ya kushusha mzigo. Mwenye karakana anaamini kwamba vijana ni wazembe, kwa hiyo ameagiza glavu na mabango ya kuwahimiza wawe waangalifu. Nina shaka kama hayo yatatosha, lakini sijui nimweleze vipi.

Mkaguzi Mstaafu
Ndugu mleta uzi, shaka yako ina msingi. Katika usalama kazini, vifaa vya kujikinga huja mwisho: kwanza unajiuliza kama hatari inaweza kuondolewa kabisa, au kubadilishwa na kitu chenye madhara madogo zaidi, au kuzuiwa kwa kinga ya mashine, kisha ndipo unapofikia taratibu na mafunzo, na baada ya hayo yote glavu, ambazo haziiondoi hatari bali husimama tu kati yake na ngozi. Chukua huko kuteleza. Usiulize nani kaanguka, uliza mafuta yametoka wapi. Mara nyingi utakuta sili ya mashine, yaani mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, imechakaa na inadondosha mafuta, na kila asubuhi mtu anamwagia pumba za mbao badala ya sili kubadilishwa.

Mkereza Vyuma
Naunga mkono, na niongeze neno kuhusu hizo glavu, maana wapo wanaoumia wakidhani wanajikinga. Kwenye drili ya mezani au mashine ya kukereza, glavu ni hatari: uzi wake ukinaswa, kiganja chote huvutwa kabla mkono wa pili haujafika kwenye swichi. Mikono ya shati iliyolegea, pete na mikufu ni vivyo hivyo. Glavu zivaliwe wakati wa kubeba bati, zivuliwe kabla ya kuwasha drili.

Wakati wa matengenezo, fundi azime umeme kwenye swichi kuu, afunge kwa kufuli yake mwenyewe na ufunguo akae nao mfukoni. Mafundi wakiwa watatu, kufuli nazo ziwe tatu. Kisha ajaribu kuiwasha mashine ili ahakikishe kwamba haiitiki. Kibao cha "usiwashe" peke yake mimi sikiamini, kwa kuwa mtu wa zamu inayofuata anaweza kukibandua akiwa na haraka zake.

Mtunza Ghala
Kuhusu viuno, kufundisha watu kukunja magoti ni sawa, lakini kupanga rafu upya kunasaidia zaidi: mizigo mizito ikae kati ya nyonga na kifua, myepesi iende juu. Kanuni ya kukokotoa uzito unaofaa kubebwa ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, huanzia kilo 23 kwa mzigo uliokaa vizuri kabisa, na kiwango hicho hushuka kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili au mbebaji anavyojipinda. Ngazi nayo, kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani.

Msimamizi wa Karakana
Nawashukuru sana wakuu. Tatizo jingine ni kwamba vijana huficha majeraha, kwa sababu aliyeumia huhesabiwa kuwa mzembe na hukatwa mshahara kufidia dawa na glavu.

Mkaguzi Mstaafu
Hilo ndilo la kuanza nalo, kwa sababu adhabu haipunguzi ajali, inapunguza taarifa. Mwonyeshe mwajiri Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaosema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu kutokea, akiwa na sababu ya msingi, alindwe asipate madhara yasiyostahili. Kisha fungua daftari la matukio, yakiwemo yale ambayo mtu alinusurika bila jeraha, kama nyundo iliyodondoka rafuni ikatua pasipo na mtu. Tatizo la kwanza kuandikwa lirekebishwe siku hiyohiyo, na aliyeliandika aitwe aone. Ukilikalia wiki nzima, hakuna atakayeandika la pili.