Maotea ya kahawa chotara: nipande au nitupe?

BintiKibosho
Wadau, habari za jioni. Nina kihamba, shamba la nyumbani, cha marehemu baba huku Kibosho, mibuni ya N39, ile aina ya zamani, chini ya migomba. Mwaka huu chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, haina huruma. Tunda bado la kijani, linapata doa jeusi lililobonyea, ukitikisa tawi linadondoka. Nimeshapuliza dawa ya kopa mara tatu, na bei yake mnaijua.

Jirani ana chotara za Lyamungo, zile kahawa zilizozalishwa kuhimili ugonjwa huo. Hapulizi hata tone la kopa, na matawi yameinama kwa mzigo. Chini yake maotea, miche iliyojiotea kwa mbegu zilizodondoka, yamejaa, kaniambia nichukue bure. Nimeshajaza viriba 60. Shemeji kanicheka, ila kwa nini, hasemi. Anayejua anisaidie.

Mkulima_Machame
Shemeji yako yuko sahihi, dada, ingawa kukucheka si ustaarabu. Arabika hujichavusha yenyewe, ndiyo maana mbegu ya N39 ya baba inakupa N39 ileile. Chotara ni mtoto wa wazazi wasiofanana. Ukiotesha mbegu yake, wajukuu wanagawana urithi kila mmoja kivyake: huyu kapata ukinzani, yule hana kabisa, na kwa macho huwatofautishi. Utakuja kujua mti ukishaanza kuzaa, miaka imeshapita. Ndiyo maana TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wanazizalisha chotara kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi.

BintiKibosho
Kwa hiyo nikaombe vikonyo kwa jirani?

Mkulima_Machame
Omba, ila chukua chipukizi lililosimama wima kwenye shina. Tawi la pembeni litatoa mizizi vizuri tu, halafu mti utatambaa ubavu maisha yake yote. Ninao mmoja nyuma ya banda la mbuzi, umelala kama mboga ya maboga. Wageni wanauliza ni aina gani mpya.

Meku_wa_Mfereji
Mnasahau kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha chotara kwenye mbuni wa zamani. Mwanangu, usiing'oe mibuni ya baba kama mizizi bado mizima. Kata shina, subiri lichipue, bakiza machipukizi mawili, yakifika unene wa penseli bebesha chotara. Funga kwa nailoni, maji yasiingie kwenye kidonda. Kitakachochipua chini ya kiungo ondoa kila mara, hicho bado ni N39. Ukikiacha kitamfunika mgeni, utabaki unashangaa chulebuni imerudije.

Halafu jirani asikudanganye kwamba chotara haiguswi na kitu. Inahimili chulebuni na kutu ya majani. Bungua, yule mdudu anayetoboa shina, haulizi aina. Ukiona unga wa mbao chini ya shina, ujue yumo ndani anakula.

BintiKibosho
Shikamoo mzee, na asante sana. Nitaanza na mibuni mitano ya upande wa mfereji, nione mkono wangu ukoje. Vile viriba 60 nitaotesha parachichi. Shemeji nimemwambia ndiyo ilikuwa nia yangu tangu mwanzo.