Kidole cha fundi wa kompyuta kilikuwa kwenye kitufe cha Entaa jamani, KWENYE ENTAA!!

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Fundi yule yule, wote mnamjua, wa karibu na Jamatini hapa Dodoma, mwenye spika mlangoni zinazosikika mpaka Singida.

Jana usiku kompyuta yangu ya Ubuntu (mfumo kama ilivyo Windows) imeapdeti keneli, ule moyo wa mfumo, asubuhi nawasha, kioo cheusi, maandishi kibao, keneli imepaniki haioni ruti, yaani sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe. Nina haraka, nikampelekea. Nikamwambia vizuri tu, kaka ni keneli mpya imegoma, ya zamani ipo, nisaidie tuingilie hiyo. Akauliza "kanali gani tena?" duka zima likacheka. Hilo nimelimeza. Nimegeuka kupokea simu, narudi nakuta flashi ya Windows ishachomekwa, yuko kwenye kufomati, yaani kufuta diski yote, KIDOLE KIKO KWENYE ENTAA. Sijaulizwa! Humo kuna mahojiano ya wakulima wa zabibu, Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, miaka miwili ya jua na vumbi. Nimeruka kaunta kama swala. Eti "dada si utapiga zingine." Utapiga zingine! Kama ni picha za kipaimara! Halafu anadai elfu kumi ya kuangalia. Kaangalia nini zaidi ya kidole chake? Kwenye Entaa!

mzee_wa_tamino: Pole dada. Washa, shikilia Shift, mashine mpya za UEFI gonga Esc, mpaka menyu ya GRUB ya kuchagua keneli itokee, ingia Advanced options chagua keneli ya zamani. Ikiwaka fungua tamino (dirisha la kuandika amri), andika df -h /boot uone nafasi iliyobaki pale keneli zinapokaa. Mara nyingi imejaa, apdeti ikaishia njiani, initrd, faili linaloisaidia keneli kuiona ruti, haikutengenezwa. Piga sudo apt autoremove itoe keneli kuukuu, kisha sudo dpkg --configure -a, sudo update-initramfs -u -k all, malizia sudo update-grub.

vumbi_la_dom: Miaka miwili ya data huna bekapu, unamlilia fundi?

mwenye uzi: Bekapu ninayo ya mwezi wa tatu! Tunaongelea KIDOLE hapa.

kisasa_kwetu: Huyo huyo!! Mimi nilipeleka kompyuta yenye RAM (memori) ya GB 8 nikarudi na 4, namuuliza ananiambia joto la Dodoma.

zabibu_kavu: Nyie mna afadhali. Fundi cherehani wangu wa Majengo suti ya harusi kaikata mguu mmoja mfupi, harusi Jumamosi.

vumbi_la_dom: @zabibu_kavu mguu upi?

zabibu_kavu: Wa kushoto.

kisasa_kwetu: Wa kwangu kalala na kitenge changu tangu Pasaka, kila nikipita anasema bado vifungo. Kitenge chenyewe nimemwona nacho mkewe kanisani!

mwenye uzi: Imewaka na keneli ya zamani, /boot ilikuwa 100%, mzee_wa_tamino Mungu akubariki sana. Ila wakuu kile kidole...

zabibu_kavu: Dada subiri kwanza. @kisasa_kwetu ni yule wa nyuma ya soko, mwenye cherehani ya kijani?

kisasa_kwetu: HUYO HUYO!!