Naomba ushauri: bunduki ya .22 ya marehemu baba, nianze na mtutu, tako au darubini?

Mkulima_Njoro
Habari za jioni ndugu zangu. Huwa nawasoma kimya kimya, leo nimebanwa.

Niko na BRNO Model 2, ile .22 ya Chekoslovakia ya kuvuta bolti kwa mkono, magazini ya risasi tano. Ilikuwa ya marehemu baba. Karatasi za kuihamisha zimekamilika, cheti kiko kwa jina langu, sefu imekaguliwa, hapo sina wasiwasi. Shida ni kwamba mwaka huu niliingia klabu ya kulenga shabaha na nimeonja utamu. Tunapiga mita 50, mara moja moja mita 100. Wenzangu risasi zao tano zinafunikwa na sarafu ya shilingi ishirini. Zangu zinatawanyika sentimita nne, siku mbaya sita.

Nimetenga laki moja na nusu baada ya kuuza viazi. Ninachotaka: mtutu mpya mzito, tako la kisasa lenye tundu la kidole gumba, triga nyepesi, darubini ya 6-24x50 (inayokuza mara 6 hadi 24), reli ya MOA 20 (ile iliyoinama ya kushikia darubini), miguu miwili ya mbele, na nikipata, kile kibomba cha kupunguza mlio. Kwa sasa natumia darubini ya 3-9x40 niliyopewa na shemeji. Nianze na kipi? Na je, fundi wa chuma hapa mjini Nakuru anaweza kunichongea mtutu?

Dunga_Beach
Omera, laki na nusu ya kutoboa karatasi! Huku Kisumu hiyo unaongeza kidogo unapata injini ya mtumbwi. Haya, endelea, wazee wanakuja.

Mama_Lanet
Mkulima, nakujibu swali la mwisho kwanza kwa sababu ndilo litakalokufunga. Usithubutu kupeleka hiyo bunduki kwa fundi wa chuma, hata kama ni ndugu yako wa damu. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kipande cha bunduki kinahesabiwa kama bunduki yenyewe. Mtutu uliochongwa uani ni bunduki isiyo na cheti. Kutengeneza na kurekebisha ni kazi ya muuzaji aliyesajiliwa, na kuleta mtutu kutoka nje kunahitaji kibali kabla hujalipa hata senti. Watu hununua kwanza mtandaoni halafu wanakwenda kuuliza. Mzigo unafika Nairobi, nao wanaitwa pamoja na mzigo.

Hicho kibomba nacho, kifute. Kifaa cha kuzima mlio au mwale kinaingia kwenye maana hiyo hiyo ya bunduki. Uwanjani vaa vifuniko vya masikio kama sisi wengine.

Kwa jambo lolote lingine linalogusa chuma, andikia Bodi ya Leseni za Bunduki, upate jibu la maandishi, uliweke kwenye faili pamoja na cheti. Nimefanya kazi ya kusimamia uwanja miaka mingi, na mdomo haujawahi kumwokoa mtu.

Mkulima_Njoro
Asante mama. Mtutu wa kuchonga na kibomba nimefuta. Sikujua kwamba hata kibomba kinahesabiwa hivyo.

MzeeWaKitale
Kijana, kabla hujatoa hata shilingi, nijibu mambo matatu. Unapiga risasi gani? Skrubu zinazoshika chuma kwenye tako ulizikaza lini? Na baba alikuwa akisafisha mtutu kutokea upande gani?

Mkulima_Njoro
Mzee, risasi ni zozote ninazopata dukani, mara nyingi zile za kasi kwa sababu zinalia vizuri. Skrubu sijawahi kuzigusa. Baba alikuwa na fimbo ya chuma, akiingiza kutoka mdomoni mwa mtutu. Naikumbuka kwa sababu tulikuwa tunachapwa nayo.

MzeeWaKitale
Hahaha, basi hiyo fimbo imewachapa wewe na mtutu.

Sikiliza. Kitu cha mwisho kinachogusa risasi ni ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukiwa na kovu upande mmoja, gesi inatoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kitako. Unaweza kuweka darubini ya bei ya ng'ombe watatu, kovu litabaki pale. Fanya hivi: toa bolti, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha chukua pamba ya masikio, uizungushe polepole ukingoni pale mdomoni. Nyuzi zikinasa mahali, kuna kovu, na muuzaji aliyesajiliwa anaweza kuukata upya mdomo huo. Zisiponasa, shukuru Mungu na uitupe ile fimbo. Kuanzia leo safisha kutokea nyuma, kwa kamba laini.

Sasa risasi. Zile za kasi zinatoka karibu mita 380 kwa sekunde. Mwendo wa sauti ni kama 340. Maana yake risasi yako inavuka mwendo wa sauti ikiwa njiani kwenda kwa shabaha, na pale inapovuka inayumba. Risasi za mashindano zinatoka karibu 330, hazivuki kitu. Tafuta aina tatu nne za namna hiyo, Eley, SK, chochote muuzaji alicho nacho, upige tano tano kwa kila aina, ukiegemea mfuko wa mchanga. Kila .22 ina aina yake inayoipenda, na hakuna fundi atakayekuambia ni ipi. Angalia tu kiasi cha risasi ulichoandikiwa kwenye cheti usije ukakivuka kwa sababu ya majaribio.

Mtutu mpya sahau kwa sasa. Wa BRNO ile ni mzuri kuliko mpigaji, usinichukie.

Kijana_Eldy
Mzee anakuogopesha bure. Kwa maoni yangu reli ya MOA 20 ndiyo ya kwanza, kila mtu anayepiga mbali anayo. Na hiyo 6-24 ni tamu sana. Hapo Njoro si mna ngedere shambani? Utakuwa unawachagua mmoja mmoja ukiwa kwenye kiti.

Mama_Lanet
Kijana_Eldy, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina meno. Ngedere wakimaliza mahindi, piga ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori. Cheti cha kulenga shabaha hakimruhusu mtu kupiga ngedere. Usimtie mwenzako kwenye matatizo ukiwa umekaa Eldoret.

MzeeWaKitale
Na hiyo reli tuipigie hesabu, maana hesabu haina kabila. MOA ni kipimo cha pembe, na moja ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100. MOA 20 ni sentimita 58. Risasi ya .22 ya mwendo wa chini, ukiilenga sawa kwa mita 50, kwa mita 100 inashuka kama sentimita 18, yaani MOA sita hivi. Darubini yoyote ya kawaida inazo hizo ndani yake. Reli iliyoinama ni ya yule anayepiga mita 200, ambako mshuko unapita mita moja. Mkulima anapiga 50. Akiweka reli hiyo anaweza hata kukosa nafasi ya kushusha alama ifike katikati.

Halafu BRNO ina mfereji wa milimita 11 juu ya chuma. Nunua pete za milimita 11, zinakaa moja kwa moja, darubini inakuwa chini karibu na shavu. Ukiweka reli unainuka, shavu linaelea hewani, na hapo ndipo sentimita nne zako zinazaliwa.

Kijana_Eldy
Sawa mzee, hapo kwa hesabu nimekubali. Ngedere nilikuwa natania, mama.

FundiMbao_Kakamega
Mimi ni seremala, nina cheti pia, na matako nimechonga machache kwa wanachama. Kaka Mkulima, tako lenye tundu la kidole gumba ni la kupendeza, lakini uliza kwanza kama lako linakutosha. Kunja mkono, pima kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada. Linganisha na umbali wa kutoka triga hadi mwisho wa tako. Kiwandani huwa ni kama sentimita 34 au 35. Likiwa fupi, unaweza kuongeza mpira mwishoni.

Kisha chukua noti ya shilingi mia, uipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele. Ikikwama, mbao imevimba na inaubana mtutu upande mmoja, na kesho mvua ikinyesha itaubana upande mwingine. Mbao za zamani zina tabia hiyo, hasa zikitoka Njoro kwenye baridi zikaja huku kwetu kwenye mvuke. Ukikuta skrubu inayobana mtutu huko mbele, usilazimishe uelee, hiyo iliundwa kubanwa.

Ukija kutaka tako jipya, niletee kipimo na hilo la zamani likiwa tupu. Chuma kibaki kwako kwenye sefu. Mbao ninayoiamini ni mvule uliokauka miaka kadhaa. Usikubali mkalitusi hata ukipewa bure, utapinda mpaka ufanane na upinde wa mshale.

Dunga_Beach
Noti ya mia nimepata matumizi yake mapya. Lakini mimi naomba kuuliza kwa niaba ya wajinga: darubini ya kukuza mara 24 ina ubaya gani?

MzeeWaKitale
Haina ubaya, ila kwa mita 50 utaona mapigo ya moyo wako mwenyewe. Cha kuangalia ni paralaksi. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa kwa mita mia hivi au zaidi. Ukiitumia kwa 50, jicho likisogea kidogo alama nayo inasogea juu ya shabaha, ingawa bunduki haijatikisika. Tafuta iliyowekwa kwa mita 50, au yenye kirungu cha kurekebisha pembeni. Hata ya mara 4 hadi 12 inatosha kabisa. Mkulima, hiyo ya shemeji weka macho yako nyuma ya lenzi, tikisa kichwa kushoto kulia bila kugusa bunduki. Ukiona alama inatembea, umempata mwizi mmoja.

Mkulima_Njoro
Wiki mbili baadaye, ninarudi na matokeo.

Pamba haikunasa. Noti ilipita mpaka karibu na chemba. Skrubu ya mbele ilikuwa imelegea hivi kwamba niliizungusha karibu mzunguko mzima bila kutumia nguvu. Pete ya nyuma ya darubini nayo ilikuwa inacheza. Nilikaza zote, nikapata aina tatu za risasi za mwendo wa chini kwa muuzaji. Ya kwanza sentimita tatu. Ya pili tatu na nusu. Ya tatu, ndugu zangu, moja na milimita nane, mara nne mfululizo. Nimegharamika risasi na nauli tu.

Lakini alama ya darubini inatembea kweli, mzee. Shemeji sijamwambia.

Mama_Lanet
Hongera. Andika namba ya shehena iliyo kwenye kisanduku cha hiyo aina ya tatu, ununue zaidi ya namba hiyo hiyo kabla haijaisha, kwa kiasi cha cheti chako.

Mkulima_Njoro
Nimeandika, mama. Sasa darubini nitanunua yenye kirungu cha pembeni. Triga je? Inavutika kama mlango wa ghala.

MzeeWaKitale
Hiyo mpelekee muuzaji yule yule, mwambie asishushe sana. Triga nyepesi mkononi mwa mtu anayejifunza ni hatari, na klabu yako inaweza kuikataa kwenye ukaguzi. Halafu shavu, bado linaelea?

Mkulima_Njoro
Bado. Jana nilifunga kipande cha godoro juu ya tako kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini.

FundiMbao_Kakamega
Usikitoe. Piga nacho mwezi mzima, ukiongeza na kupunguza mpaka jicho likute katikati ya darubini bila kutafuta. Kisha pima urefu wake unitumie, nichonge wa mbao.