Namna ya kutoa wivingi ya gundi bila kung'oa nywele

Binti wa Gungu aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Kigoma mjini. Kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu nilibandikwa wivingi kwa gundi nyeusi, moja kwa moja kwenye nywele, bila kofia ya kuzikinga. Sasa mistari ya kisogoni imeanza kulegea yenyewe, lakini ile ya mbele, karibu na paji la uso, imeng'ang'ania kabisa. Nilipokwenda saluni kufumuliwa, msusi alianza kwa kuvuta, nami nilipoona mstari wa kwanza unatoka na nywele zangu nilimwomba aache. Jirani yangu ananishauri nitumie asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Je, ni salama? Na je, ninaweza kutia dawa ya kulainisha nywele siku hiyohiyo, maana nywele zilizoota chini zimekuwa ngumu kuchanika?

Mama Mwandiga alijibu:

Asetoni usiiguse, mwanangu. Inakausha nywele na kuunguza ngozi ya kichwa, na mvuke wake unashika moto upesi mno. Wengi wetu tunafanyia mambo haya uani, jiko la mkaa likiwa pembeni.

Msusi wa Mwanga alijibu:

Dada, kwanza hakikisha ni gundi ya aina gani, kwa sababu kila gundi ina kiyeyushi chake. Bonyeza kipande kilicholegea kwa ukucha. Kikiwa cheusi na kinavutika kama mpira, hiyo ni gundi ya mpira, na adui yake ni mafuta. Kikiwa kigumu, kinang'aa na kina ukubwa wa punje, hiyo ni gundi ya keratini, ambayo hubandikwa kwa vishungi vidogo vidogo. Hiyo mafuta peke yake hayaitoi, inahitaji kiyeyushi maalumu chenye spiriti na koleo la kuvunjia punje, na kazi hiyo mwachie mtu aliyeizoea. Kwa maelezo yako, yako ni ya mpira.

Usianze kwa kuosha. Maji hayaiyeyushi gundi hiyo ikishakauka, ila yanazifanya nywele zivutike na kukatika kwa urahisi zaidi. Kata kwanza nywele za bandia zibaki fupi ili uone mistari ilipo, lakini ukate ukiwa na mtu wa kukushikia kioo, kwani nimeona wateja wengi waliokata na zao. Kisha chukua mafuta ya nazi, ya zeituni au ya kutolea gundi yanayouzwa kwenye maduka ya vipodozi, uyapitishe kwa pamba juu ya mshono na chini yake hadi gundi yote ilowane, ujifunge mfuko wa nailoni na kitambaa juu yake. Subiri nusu saa, hata zaidi kwa ile mistari ya mbele. Gundi iliyokubali huteleza kama ute wa bamia. Hapo unaingiza mkia wa chanuo chini ya mshono na kuusukuma taratibu kuanzia pembeni, huku vidole vya mkono wa pili vikiwa vimeshikilia nywele zako kwenye shina. Mahali panapogoma, ongeza mafuta na usubiri tena. Msusi anayeanza kwa kuvuta anaokoa muda wake yeye, si nywele zako.

Mabaki ya gundi yateleze kwa vidole, kisha uchane kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kwenda kwenye shina, kabla ya shampuu. Ukiosha nywele zilizosokotana, zitajifunga fundo lisilofunguka.

Binti wa Gungu:

Ahsante sana, dada. Nyumbani tuna mawese na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Yanafaa?

Msusi wa Mwanga:

Mise yanafaa. Yakiwa yameganda asubuhi, weka chupa kwenye maji ya moto yalainike, wala usiyachemshe. Mawese pia yangelegeza gundi, kwani ni mafuta kama mengine, lakini wekundu wake utabaki kwenye mto, kwenye kola na kwenye shingo yako. Hayo yaache kwenye mboga.

Muuguzi wa Ujiji alijibu:

Ninaongeza mawili. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na zile zilizong'oka zenyewe chini ya mistari zilinaswa na gundi muda wote huo, hivyo utakapofumua zitatoka kwa pamoja. Zitazame: yenye kitone cheupe kwenye ncha moja ilishatoka kwenye shina, na isiyo nacho imekatika. Kitu cha kukutia wasiwasi ni ngozi kuonekana wazi pembezoni mwa paji la uso, kwa kuwa upara unaotokana na kuvutwa hupona ukiwahiwa, lakini mvuto ukiendelea kwa miaka, shina hufa na nywele hazioti tena. Ukiona vipele, uvimbe, usaha au muwasho usioisha, nenda hospitali, kwani wapo ambao miili yao huikataa gundi ya mpira, na watu hao hawapaswi kubandikwa tena.

Kuhusu dawa, hapana, si siku hiyo. Dawa za kulainisha huwa na kemikali kali, nyingi zikiwa na magadi makali, na zikikuta michubuko midogo ambayo huenda hata huioni, huunguza hadi kutoa malengelenge. Acha kichwa kipumzike wiki kadhaa, upake mafuta, na ukihitaji kujisitiri, funga kilemba au suka mabutu yasiyokazwa.

Mama Mwandiga:

Hata hivyo vilemba, mwanangu, usivikaze usoni. Funga kwa nyuma, na ndani uweke kitambaa cha satini, kwa sababu pamba hunyonya mafuta yote unayopaka.