Naomba ushauri: kuoanisha rekodi za mafaili mawili

Wakuu, habari zenu. Nina mafaili mawili ya maandishi: moja lina namba ya mwanachama na jina, jingine lina malipo na namba hiyohiyo mwishoni mwa mstari. Nataka faili la tatu lenye vyote, na wasiolipa waonekane pia, wasipotee kimyakimya.

Nimepanga yote mawili kwa sort (amri ya kupanga mistari), nikatumia join (amri ya kuunganisha mistari yenye namba moja). Inaoanisha baadhi tu! Nashuku mambo mawili. Faili la malipo lilitoka Windows, hivyo \r isiyoonekana (herufi ya ziada ambayo Windows huweka mwishoni mwa mstari) imenasa kwenye namba. Halafu upande mmoja ni 00457, mwingine 457. Kwa macho ni mtu yuleyule, kwa kompyuta ni watu wawili.

Sasa naiwazia awk (programu ya kuchakata maandishi mstari kwa mstari): kwa NR==FNR (sharti la "bado tuko faili la kwanza") isome malipo kwanza, kisha ipite kwenye majina ikitafuta. Ila mwenye malipo kadhaa, la mwisho si litayafuta ya nyuma? Niyajumlishe, au nihamie kamusi (dictionary) ya lugha ya Python? Na sifuri za mbele nizikate au nizijaze? Mimi naona kujaza ni salama zaidi. Mwenye mfano wa mistari michache aubandike tafadhali.