Laptopu haina sauti tangu niipandishe Windows 11, fundi anataka 150,000. Nimpe?

Kibanda_Arua
Ndugu zangu, habari za huko. Nina kibanda cha sinema hapa Arua, Uganda, na laptopu ndiyo inayoonyesha. Nimeitoa Windows 10 nikaipandisha 11, na tangu hapo sauti hakuna hata chembe. Picha iko safi, inapita HDMI mpaka kwenye projekta. Spika za ndani kimya, tundu la hedifoni ninalochomekea miksa kimya. Fundi ameiangalia, anasema apdeti imeunguza IC ya sauti, yaani chipu ya sauti kwenye bodi, ataibadilisha kwa 150,000. Swali langu ni moja tu: bei hiyo ni ya haki au napigwa? Ijumaa watu wanakuja, na sinema ya VJ, yule anayetafsiri muvi kwa sauti yake, bila sauti hiyo nitarudisha hela za watu.

Kondo_Jinja
Mwite VJ mwenyewe asimame mbele na maiki atafsiri mubashara, kama zamani. IC ya nini ssebo?

Nyuki_Gulu
Bei tuiache kwanza. Apdeti ya Windows haiunguzi IC ya sauti. Inachoweza kuharibu ni draiva, yaani programu inayozungumza na hiyo IC.

Tazama alama ya spika pembeni ya saa. Ikiwa na X nyekundu, Windows haioni kifaa chochote cha kutolea sauti. Ikiwa haina X na bado kimya, huenda sauti inapelekwa kwingine: bonyeza Win+Ctrl+V uone imechagua nini. Laptopu ikiunganishwa na projekta kwa HDMI hupenda kuhamishia sauti huko yenyewe, nawe unabaki kulaumu spika. Kisha Win+R, andika mmsys.cpl, litafunguka dirisha la sauti, bofya kulia mahali patupu, ruhusu vilivyozimwa vionekane. Mwisho Win+R, devmgmt.msc, ndiyo orodha ya vifaa vya mashine, fungua kundi la sauti, utuambie jina lililoandikwa pale na kama lina alama ya njano. Na modeli kamili ya mashine. "Laptopu" peke yake haitusaidii.

Mwalimu_Hoima
Tatizo lenu mnakimbilia vitu vipya. Mashine ilikuwa inafanya kazi, ukaigusa ya nini?

Bi_Kompyuta
Mwalimu, Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kibanda anapokea flashi za kila mtu, hapo usalama si anasa. Swali la kweli ni kama mashine yake inastahili hiyo 11. Kwa upande wa Intel, orodha rasmi ya prosesa, ukiacha chache za kizazi cha 7, inaanzia kizazi cha 8. Ukiipenyeza kwenye mashine ya zamani kwa ujanja, mtengenezaji hajakuandalia draiva za 11. Mleta mada, ulipandishaje?

Kibanda_Arua
Ni HP EliteBook 840 G3, Core i5-6300U, kizazi cha 6. Nilitumia flashi niliyoiandaa kwa programu ya Rufus, iliyoondoa yale masharti ya TPM, chipu ya usalama ambayo 11 inaidai. Lakini hilo halihusiani, mbona vingine vyote vinafanya kazi? Alama ina X nyekundu. Kwenye devmgmt.msc pameandikwa Realtek High Definition Audio, alama ya njano, Code 10. Fundi kaona hiyo Code 10 ndiyo akasema IC imekufa. Ana jina mjini, na nimeshampa advansi 60,000. Nataka tu kujua hizo 90,000 zilizobaki.

Bi_Kompyuta
Kumbe umeshaamua, unatafuta mashahidi.

Rudi Windows 10 basi. Ndani ya siku 10 baada ya kupandisha, Windows inakuruhusu kurudi, mradi folda ya Windows.old ipo kwenye C.

Kibanda_Arua
Niliifuta. SSD ni ya GB 128 na muvi zinataka nafasi.

Msumari
Samahanini, mimi uzi huu siuamini. EliteBook 840 G3 haina tundu la HDMI. Ina VGA na DisplayPort, na USB-C moja. Kisha IC yake ya sauti ni Conexant, si Realtek. Mtu mwenye mashine mezani hawezi kukosea vyote viwili. Hapa kuna mtu anapima bei za mafundi, au kesho atatokea ndugu yake kuuza "IC original".

Kondo_Jinja
Heh! Kibanda chenyewe kipo kweli?

Mwalimu_Hoima
Nilishahisi. Watu wanatunga matatizo wapate wa kuzungumza nao.

Nyuki_Gulu
Msumari yuko sahihi kuhusu mashine. Ila uongo si jibu pekee. Mleta mada, fungua hicho kifaa cha Realtek, nenda sehemu ya maelezo, chagua "Hardware Ids", unakili mstari wa kwanza hapa. Jina linatoka kwenye draiva, linaweza kudanganya. Ule mstari unatoka kwenye IC yenyewe.

Kibanda_Arua
Sikuja hapa kuhojiwa kama mwizi wa kuku. HDMI inatoka kwenye adapta, upande mmoja DisplayPort, upande wa pili HDMI. Nani anaeleza hadi adapta anapoomba ushauri? Haya, mwanzo wa mstari wenyewe:

HDAUDIO\FUNC_01&VEN_14F1&DEV_50F4

Nyuki_Gulu
Basi mashine ipo. VEN_14F1 ni Conexant. Realtek ingekuwa 10EC, na Intel, ambayo ndiyo sauti inayopita kwenye DisplayPort, ni 8086.

Sasa tueleze draiva ya Realtek imefikaje juu ya IC ya Conexant. Windows haifanyi hivyo yenyewe, inalinganisha namba kwanza.

Kibanda_Arua
Baada ya kupandisha kulikuwa na sauti ila inakwaruza. Kwenye flashi nilikuwa na pakiti ya draiva za mashine zote, nikaichagulia Realtek kwa mkono kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mahali. Kikatokea kionyo nikabonyeza Yes. Vionyo vya Windows vinatokea kila saa, nani anavisoma? Na kama draiva ndiyo tatizo, fundi angeona.

Msumari
Kionyo hicho kilikuambia kwamba Windows haiwezi kuthibitisha kama draiva hiyo inafaa kifaa chako. Nafuta maneno ya kutunga. Ya kuficha nayaacha.

Nyuki_Gulu
Hapa jambo limejieleza. Kompyuta ikiwaka, kidhibiti cha sauti huuliza kila IC iliyo kwenye njia yake, nayo hujitaja kwa namba ya mtengenezaji na namba ya modeli. IC iliyokufa kabisa haijibu, na kwenye devmgmt.msc usingeona huo mstari. Yako imejibu 14F1. Code 10 maana yake ni kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, na chenye draiva ya mwenzake hakiwezi kuanza. Fundi alisoma namba ya kosa bila kusoma namba ya kifaa.

Usifute kitu bado. Kwenye devmgmt.msc bofya kulia huyo Realtek, chagua kusasisha draiva, kisha kutafuta mwenyewe ndani ya kompyuta, kisha lile chaguo la chini la kuchagua kutoka kwenye orodha. Chukua "High Definition Audio Device". Soma polepole: halianzi na neno Realtek, majina yanafanana na hapo ndipo watu huteleza. Hiyo ni draiva ya Microsoft inayokuja na Windows, haili bando. Iwashe mashine upya, jaribu spika, halafu hedifoni peke yake bila miksa.

Sauti ikitoka hedifoni lakini si spika, chunguza spika na waya zake. Ikitoka kote, biashara ya IC imekwisha.

Bi_Kompyuta
Ikikataa, kabla ya kushika bisibisi jaribu Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye flashi ya GB 8 bila kuisakinisha. HP inaonyesha menyu ya kuchagua pa kuwakia ukibonyeza F9. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika aplay -l uone kama inataja jina linaloanza na CX, ndiyo Conexant, kisha speaker-test -c 2 -t wav. Ikizungumza ndani ya Linux, IC ni nzima, na Windows ndiyo mgonjwa. Tazama pia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa F10, kwenye vifaa vya ndani, sauti isiwe imezimwa.

Mpiga_Spika_Masaka
Mimi naona hamjauliza la maana: anaingizaje miksa? Tundu la 840 G3 ni moja la pamoja, hedifoni na maiki. Tumia pini yenye mistari miwili myeusi, kushoto, kulia na ardhi, mwisho wake RCA mbili au jeki mbili za robo inchi. Ukichomeka ya mono unaunganisha upande mmoja na ardhi. Na ukisikia mngurumo chaja ikiingia, ukipotea ikitoka, hiyo ni njia mbili za ardhi kati ya laptopu na miksa. Weka kitenganishi chenye transfoma ndogo kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya ardhi ya chaja, hiyo ndiyo inayokulinda na umeme.

Msumari
Sauti yenyewe haijapatikana, wewe unatibu mngurumo wake.

Mpiga_Spika_Masaka
Ikipatikana atanishukuru. Hata isipopatikana, Ijumaa haijaharibika. Adapta ya DisplayPort inabeba sauti pia, na ile inapita kwa Intel, haimgusi Conexant. Projekta nyingi zina tundu la kutolea sauti la milimita 3.5. Achague projekta kwenye Win+Ctrl+V, achukue sauti kule, apeleke miksa. Angekuwa anatumia VGA ningemnyamazia, ile haibebi sauti.

Kibanda_Arua
Nimechagua High Definition Audio Device. Spika zinatoa sauti. Hedifoni pia. Mkwaruzo haupo. Ila taa ya kitufe cha kunyamazisha haiitikii.

Hata hivyo nafikiri nimwache fundi abadilishe IC, angalau itakuwa mpya. Advansi ndiyo hiyo.

Bi_Kompyuta
Unataka kutoa IC inayofanya kazi kwa hewa ya moto, kwenye bodi iliyojaa vipande vidogo pembeni yake, kwa sababu ya 60,000?

Nyuki_Gulu
Taa ni kazi ya draiva ya mtengenezaji. Ukiitaka, nenda tovuti ya HP, weka modeli, chagua Windows 10 ya biti 64, maana ya 11 kwa G3 haipo. Faili linaanza na herufi sp na namba, likifunguka linajiweka C:\SWSetup. Kwa kawaida draiva ya 10 inakubali kwenye 11. Lakini usisahau kwamba ulianza na mkwaruzo. Mkwaruzo ukirudi, baki na ya Microsoft, taa si kitu.

Ondoa na ile Realtek isije kukuchanganya tena. Fungua terminali kama msimamizi:

pnputil /enum-drivers /class MEDIA

Tafuta palipoandikwa Realtek, juu yake kuna jina kama oem23.inf, namba yako itakuwa nyingine. Kisha:

pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall

Usisahau /class MEDIA. Bila hiyo orodha inaleta kila kitu, na kisomeo cha kadi nacho kinaweza kuwa cha Realtek. Ukikifuta utafungua uzi mwingine.

Kondo_Jinja
Na Msumari atasema G3 haina kadi.

Msumari
Inayo. Ya SD.

Kibanda_Arua
Imefutika, ilikuwa oem41. Sauti bado ipo. Sasa fundi nimwambieje?

Mpiga_Spika_Masaka
Mwambie mashine imepona, na advansi ilikuwa ya IC ambayo hajanunua. Akigoma kurudisha pesa, achukue kazi nyingine: kadi ya sauti ya USB, ile ndogo ya kuchomeka isiyotaka draiva, pamoja na waya mzuri wa miksa. Kadi ibaki kwenye droo ya kibanda. Siku tundu la hedifoni likilegea kwa kuchomolewa kila usiku, unaichomeka na sinema inaendelea.