Naomba ushauri: gari linachemsha likipanda mlima

Hamjambo wenzangu. Gari langu la abiria 14, injini ya dizeli, linachemsha likiwa limejaa na linapanda barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, kuelekea Uthiru. Kwenye foleni ya mjini geji ya joto hutulia, kwa hivyo sidhani ni feni. Nimebadilisha thamostati (vali inayoruhusu maji ya kupoza injini kupita) na kifuniko cha rejeta, na mipira ya maji haivuji. Bado maji hupungua karibu lita moja kwa siku, na asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu kama una presha. Hilo ndilo linanitia hofu. Fundi anataka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini) kesho, na gharama yake ni kubwa kwangu. Je, kuna njia ya kuhakikisha gasketi ya silinda hedi imeungua kabla ya kufungua? Na rejeta iliyoziba ndani inaweza kuleta dalili hizi zote?